Vidonge Nilivyovifunga Pindoni

Mume wangu alikuwa mfua nazi, na miaka ile ya uhuru mpya alianza kushikwa na kifua. Akifua nazi chache tu, kinambana kama amekaliwa na mtu. Akapelekwa hospitali Msambweni. Aliyemsindikiza ni mke mwenzangu, maana ilikuwa zamu yake.

Walirudi na chupa ndogo ya kioo, vidonge vyake vidogo kama mtama. Mume akanieleza alivyoambiwa na daktari: kidonge hakimezwi. Huwekwa chini ya ulimi, kikayeyuka, kikaingia katika damu na kulegeza mishipa iliyobana. Damu ikipata njia pana, moyo hupunguziwa kazi, na maumivu huondoka. Ila mtu akitumie ameketi, asije akaanguka kwa kizunguzungu.

Mimi na mwenzangu tulikuwa hatusemezani. Nikataka fungu langu, nisiende kubisha hodi kwake. Chupa ikabaki kwake, vyangu nikavifunga katika pindo la leso, nifungapo kila kitu.

Miezi ikapita. Siku moja, katika zamu yangu, maumivu yakamshika uani. Jasho likamtoka, midomo ikampauka. Nikamkalisha, nikampa kidonge.

"Hakichomi," akasema kwa shida. "Vya kule huchoma ulimi."

Nikampa cha pili. Nacho hakikuchoma. Nilikuwa nampa chokaa tupu.

Nikatoka mbio, na ukubwa wangu wote.

"Leo jua limechomoza wapi, Bi Mkubwa?" mwenzangu akaniuliza mlangoni.

"Mume anakufa. Lete chupa."

Akaitwaa chupa, akatoka mbio. Alinipita njiani, na kidonge alikitia yeye. Tukamkodolea macho. Punde mabega yakashuka, akavuta pumzi ndefu, kifua kikamwachia.

"Sasa kichwa kinanigonga," akalalamika.

"Kikugonge!" mwenzangu akamjibu. "Daktari alisema, mishipa ya kichwa nayo hufunguka. Maiti haumwi na kichwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi yakinitoka.

Mwenzangu akaliona pindo langu. "Kumbe umevifunga kama senti za samaki? Tuliambiwa vikae kwenye kioo, kifuniko kikazwe. Nguvu yake huruka kama marashi."

"Nimevifunga," nikasema. Kosa lilikuwa langu, sikutafuta pa kulitupia.

Tangu hapo chupa ilimfuata mume, kwangu na kwake. Na siku ile mwenzangu alikunywa chai uani kwangu. Sukari nilimtilia mwenyewe, tena sikuibania.