Kiingereza Changu Kilivyofukua Nyanya

Nauza nyanya kwa mafungu hapa sokoni Makanyagio, na kwangu mteja hachagui. Anayepangua fungu namchapa mkono.

Juzi akaja mzungu. Mjukuu wangu alishanifundisha kusema "chagua" kwa Kiingereza, tena kwa namna tatu, nami nilitaka Mama Zawadi wa dagaa, mteja wangu wa kila siku, anisikie.

"Chuuzi," nikamwambia mzungu. Akasita. Nikakaza sauti: "Selekti. Piki."

Akatii. Akapangua mafungu yote mpaka chini, akabeba nzuri tupu. Zilizobaki zilikuwa zinatoa maji mezani.

Mama Zawadi akasogea, akainama kuziangalia.

"Bibi, kumbe hizi ndizo ulizokuwa unatuchapia mikono?"