Mama wa Chini ya Winchi

Kwenye jengo tulilokuwa tunajenga Rebero, Kigali, vibarua waliniita Madamu Kofia. Sikukasirika. Kazi yangu ilikuwa usalama, na kila aliyepita bila kofia ngumu alikutana na mdomo wangu, ambao tangu utotoni Morogoro haujawahi kuwa na breki. Kazi ya zege na ya winchi, mashine ya kupandishia matofali kwa ndoo, ilikuwa ya kampuni ya kigeni, na msimamizi wake alikuwa Mchina wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwenye ujenzi wa barabara Tanzania. Alikijua vya kutosha kugombana nami kila siku, na tuligombana kama ndugu.

Chini ya winchi alisimama mama mmoja kijana, filimbi shingoni. Ndoo ikipanda, yeye alihakikisha hapiti mtu chini yake. Nilimchagua mwenyewe, na nilijivunia yeye. Alikuwa mpole wa sura, lakini akipuliza filimbi hata mainjinia walirudi nyuma.

Siku moja, saa ya chai, tofali lilichomoka kwenye ndoo likaangukia toroli. Kibarua aliyekuwa analisukuma alikuwa ameliacha hapo dakika hiyo hiyo, kaenda kunawa mikono. Tukageuka kumtafuta mama wa filimbi. Hayupo.

Alirudi mbio kutoka getini. Msimamizi akamfokea mbele ya watu wote, alikuwa wapi? Mama akainamisha macho, akanyamaza. Mimi nimekaa Kigali muda wa kutosha kujua kwamba kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, na kwamba wengi hapa wakigombezwa hadharani hawajitetei. Lakini msimamizi alikuwa amekuja Rwanda juzi juzi tu. Yeye aliona kiburi.

"Dada, huyu kesho asije," akaniambia. "Mtu angekufa, na yeye hata kujibu hataki."

Sikumpinga. Nilikuwa na hasira, na hofu zaidi.

Nikampeleka stoo akarudishe kizibao chake cha kung'aa. Alipokivua, nikaona blauzi imelowa kifuani, madoa mawili. Yalikuwa maziwa.

"Una mtoto?"

"Yego, madamu. Bado mudogo. Mama mukwe anamuletaka pale geti, saa ya chai." Alikuwa anakunjakunja kizibao mikononi. "Nilizani winchi nayo inapumzika. Kule nilifanya kazi mbele ya kuja hapa, saa ya chai kila kitu inasimama."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya wanaume, madamu? Ningesema nini?"

Hasira yote ikaniisha. Nimenyonyesha mimi, najua mwili unavyofanya mtoto akilia hata kama umebeba dunia mikononi. Na ni kweli, watu wa winchi hawakuwa na saa ya chai. Walikunywa kwa zamu, mashine ikiendelea. Kwao lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulisema, na mama naye aliona hivyo hivyo kuhusu chai yake.

Nikaenda kwa msimamizi, nikamweleza bila kuzungukazunguka. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Basi winchi isimame akinyonyesha," nikasema.

"Dada, mimi nikisema isimame, wale wa juu wataiwasha. Wana haraka. Watasema ndoo moja tu, moja tu. Halafu tofali lingine linaanguka."

Alisema kweli, hao watu nawajua. Nilimwambia mama aje kesho yake, nikiwa sina hakika namwitia kazi au namwitia kuagwa. Alinishukuru, jambo lililoniumiza zaidi.

Asubuhi msimamizi alitukuta chini ya winchi. Alishika ufunguo wa kuwashia mashine, ameufunga kamba nyekundu. Akampa mama kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwao, naye akaupokea kwa mikono miwili, kama wanavyofanya hapa. Sidhani kama waliona kwamba walifanana.

"Ukienda kwa mtoto, zima, nenda nao," akamwambia. "Usimpe mtu. Hata mimi nikiomba, usinipe."

Mama akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Yego, boss," akasema. Nilimpenda yule mzee, nasema kweli, hata kama jioni tuligombana tena.

Saa ya chai ilipofika alizima mashine, akavaa ufunguo shingoni, akatoka getini bila kukimbia. Ndoo ikabaki chini, imejaa. Haikuchukua muda wanaume wa ghorofa ya juu wakachungulia.

"Boss! Winchi iko na shida gani?"

Msimamizi akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti jengo zima likasikia.

"Haina shida! Mtoto anakula! Subirini!"

Na wakasubiri.