Shangazi na Mnyororo wa Lango la Mahakama

Shangazi yangu ni mchapaji wa mahakama kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na pale ndani ni yeye peke yake anayeweza kusoma mwandiko wa hakimu. Wengine wakitazama wanaona kuku amepita. Shangazi huchapa huku anatafuna karanga, na akikwama hamwogopi mtu, huenda kumuuliza mheshimiwa mwenyewe alikuwa na maana gani.

Siku tajiri wa magari alipoachiwa huru, mtaa mzima ulichafuka. Gari lake lilimgonga na kumuua binti wa mama fundi cherehani wetu mchana kweupe, likakimbia, na bado hakimu akasema haikuthibitika nani alikuwa kwenye usukani. Nilikasirika. Kesho yake tulikwenda mahakamani mamia kwa mamia, mimi mstari wa mbele. Kinyozi wetu, mwenye sauti kutushinda wote, akapitisha mnyororo langoni na kutia kufuli. Tukaapa haingii mtu mpaka haki ipatikane.

Saa mbili kamili shangazi akafika, mkoba begani. Nilijificha nyuma ya bango, lakini yule mama ana macho. Akaniambia nifunge kwanza kamba za viatu, nisije nikaanguka huku napigania haki.

Kisha akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba mwendesha mashtaka anataka kukata rufaa, ila rufaa haiendi bila mwenendo wa kesi uliochapwa, yaani kila kilichosemwa mahakamani. Kurasa mia na arobaini zilikuwa mezani kwake zikimsubiri, na siku zilizobaki ni sita. Fundi cherehani, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara, akasimama. Hapo ndipo nilipoelewa tumemfungia nani mlango, nikaona aibu.

Kinyozi hakutaka kusikia. Akasema huko ndani wote lao moja, na kama ni kuchapa, akachapie nyumbani kwake.

Shangazi akamsogelea. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Mdogo wangu, ajali ilitokea mbele ya kibanda chako. Wito wa kuja kutoa ushahidi nimekuchapia mara tatu. Mara tatu karani ameliita jina lako korido nzima, na mara tatu nimechapa kwamba hukufika."

Kinyozi akatazama chini. Akanong'ona kwamba kibanda kile amepangishwa na tajiri huyohuyo.

"Najua. Hata mimi ningeogopa. Lakini rufaa ikikubaliwa, kesi inaweza kusikilizwa upya, na wito wa nne nitauchapa mimi. Kama utakuja au hutakuja, usiniambie mimi. Mama wa marehemu yule pale."

Kinyozi akapekua mifuko yote kabla ya kuupata ufunguo. Akafungua kufuli, akampisha shangazi, kisha akatupita sote na mabango yetu mpaka alipokuwa amesimama fundi cherehani.

"Mama," akasema, "nilimwona kwenye usukani. Nitakuja."