Maneno Arobaini ya Fundi Herufi

Siku ile Fundi Herufi aliondoka nyumbani na ndoo, brashi tatu, na kidoa cha rangi ya bluu alichojipaka mwenyewe kwenye kola, ili atakayeuliza aone kwamba mtu huyu kweli anakwenda kupaka rangi zahanati. Hakuna aliyeuliza. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ametangulia kutoka. Alisema ameitwa zamu ya ghafla hospitali, kule anakopiga deki.

Saa moja na robo Fundi alikuwa kwenye foleni ya watahiniwa wa kujitegemea, nje ya darasa la mwisho la shule ya sekondari, namba yake imebanwa kifuani kwa pini. Aliweka ndoo chini, akainua macho, na mbele yake, mtu mmoja tu katikati, akaiona shingo ya mkewe.

Shingo ya mtu uliyeishi naye miaka ishirini na minne huhitaji kuiulizia kitambulisho. Lakini akili yake ilikataa kabisa. Akajiambia shingo ziko nyingi mjini, na vitambaa vya kichwa vya zambarau viko vingi pia. Basi shingo ikageuka.

"Baba Pacha," ikasema.

"Mama Pacha."

"Zahanati wameihamishia huku?"

"Na hao wagonjwa wako nao wamekuja kufanya mtihani?"

Aliyekuwa katikati yao, dereva wa lori mwenye kitambi na penseli sikioni, aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnajuana?"

"Kidogo," alisema Mama Pacha. "Tuna watoto wawili."

Dereva akajisogeza pembeni taratibu, kama mtu anayepisha ng'ombe njiani, na Fundi akajikuta amesimama nyuma ya mkewe bila kizuizi. Akatamani kukimbia. Si kwa sababu ya mtihani. Mtihani ni karatasi tu, na ya leo ni ya Kiingereza. Kilichomtisha ni kwamba huu ulikuwa mtihani wa kumaliza sekondari, na Fundi Herufi, kwa rekodi zote za nyumba yake, alikuwa ameshamaliza sekondari kabla hata hajaoa.

Rekodi yenyewe ilianza siku alipokwenda kuposa. Kaka yake Mama Pacha, karani wa mahakama, mtu aliyezaliwa amekunja uso, alimuuliza, "Bwana, elimu yako imefika wapi?" Na Fundi, aliyekaa sekondari muhula mmoja tu kisha akatoroka na brashi, akajibu, "Nimemaliza." Likamtoka laini, kama mtu anayetaja jina lake. Cheti je? Kipo kwenye sanduku kwa mjomba. Mjomba akafa, sanduku likarithiwa na mchwa, na Fundi akabaki kuwa msomi wa familia.

Tangu hapo kila kilichoandikwa kwa Kiingereza kiliingia nyumba ile kupitia kwake. Vibandiko vya dawa, maelekezo ya pasi, barua. Alikuwa na utaratibu. Alivuta kiti, akakohoa, akashika karatasi mbali na macho, akatazama urefu wake. Barua ndefu, aliamua, inaomba radhi. Ya wastani inaita mkutano. Fupi inakataa. Na usimcheke haraka, maana kazini mbinu zake zilimbeba. Mteja alileta maneno kwenye karatasi, yeye akayanakili herufi kwa herufi kama mtu anayechora kuku. Ameandika "Danger" kwenye transfoma zote za mji ule na hakujua maana yake, na hakuna aliyekufa.

Kilichomfikisha foleni ni ofisi ya mji. Walitaka msimamizi wa karakana ya alama za barabarani, awe na cheti cha sekondari. Mama Pacha alisema, "Si una chako? Kaombe nakala." Fundi akasema ndiyo, kesho. Kesho yake akaenda kujiandikisha kimya kimya, ili cheti alichokuwa nacho miaka ishirini na minne kipatikane hatimaye.

Sasa alikuwa nyuma ya mkewe, anatafuta la kusema. Alikuwa amepata moja, kwamba yeye amekuja kusaidia tu, pale msimamizi wa mtihani alipotoka darasani. Mama mmoja mrefu, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, sauti yake kama mlango wa chuma.

"Mwalimu Mkuu yuko wapi? Ukuta wangu umejaa maandishi. Kanuni inasema chumba cha mtihani kiwe hakina neno hata moja."

Mwalimu Mkuu alikuja mbio na shati nusu nje. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa maneno kuanzia dari mpaka kiunoni. Ulikuwa mpango wa mwalimu wa Kiingereza, ambaye wanafunzi humwita Madam Fai kwa kupenda kwake vitenzi vinavyoishia na f na y. Alichagua arobaini, akaagiza viandikwe hivi: kitenzi kwa nyekundu, maana yake ya Kiswahili kwa nyeusi, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana hiyohiyo kwa kijani. Magnify, kukuza, enlarge, expand. Clarify, kufafanua, explain, make clear. Hivyo mpaka chini.

"Una dakika arobaini," msimamizi alisema. "Usipofunika, nafunga kituo. Watu wote hawa warudi mwakani."

"Magazeti yapo," Mwalimu Mkuu alisema huku akitafuta uso wa kumtupia kazi. Akauona. "Ah, Fundi. Afadhali umekuja. Si ni wewe uliyeuandika huu ukuta?" Kisha macho yake yakashuka kwenye namba iliyobanwa kifuani, yakakaa hapo. "Kumbe na wewe ni mtahiniwa?"

Foleni nzima ikageuka. Mama Pacha peke yake hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Nitamsaidia. Ni mume wangu."

Basi wakaingia. Fundi akapanda juu ya meza na selotepu, Mama Pacha akasimama chini na rundo la magazeti. Msimamizi akakaa mlangoni na bahasha zake, anawaangalia kama walinzi wanavyoangalia mbuzi karibu na bustani. Gazeti la kwanza lilipofika mkononi mwa Fundi, mkewe hakuliachia.

"Hilo la juu," alinong'ona. "Linasemaje?"

Fundi alitazama. Terrify. "Kutisha. Ndugu zake frighten na scare."

Gazeti likaachiwa. Akabandika.

"La pili."

"Purify. Kutakasa. Cleanse, kisha make pure."

"Hilo?"

"Verify. Kuhakiki. Confirm, check."

Hakuwa anabahatisha. Wiki tatu alizopaka ukuta ule zilikuwa za kwanza maishani mwake kuandika Kiingereza huku maana ikiwa pembeni kwa lugha anayoielewa. Maneno yalimwingia kwa bega. Alilala nayo, akaamka nayo. Akaanza hata kujivuna pale juu ya meza, na kifua kikapanda kidogo. Mwanamke anaona sasa. Pengine ataamini kuwa amekuja kurudia tu, kunoa.

"Notify?" Mama Pacha aliuliza.

"Kuarifu. Inform, tell."

"Lile tangazo la wodini uliniambia notify ni kunawa mikono."

Kifua kikashuka. "Ile ilikuwa... ile ya zamani."

"Nilinawa wiki nzima, Baba Pacha. Ngozi ikaanza kuchubuka."

Dereva wa lori, aliyekuwa anachungulia dirishani, alicheka kwa pua. Msimamizi akamtazama, akaacha. Magazeti yakapanda, safu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Justify. Rectify. Testify. Kila neno Fundi alilijibu, na kila jibu lilikuwa sahihi, na kila jibu sahihi lilimpa mashaka zaidi, maana mkewe hakuwa anashangaa. Aliuliza kama anayejua majibu.

Walipofika safu ya mwisho Mama Pacha aliweka magazeti chini.

"Soma hilo."

"Qualify," Fundi alisema. "Kustahili. Kuwa na sifa. Be fit, be eligible."

"Umelijua lini?"

"Nilipolipaka."

"Kabla ya hapo?"

Fundi alishika ukingo wa dirisha. Uongo mzuri ulikuwepo karibu, angeweza kuufikia. Lakini pale juu, kila mtu akiona nyayo zake, namba kifuani, alichoka. "Sikumaliza, mama. Nilikaa muhula mmoja."

"Hilo najua," alisema mkewe.

Alidhani hakusikia vizuri.

"Nimejua mwaka mzima. Tuna darasa la jioni pale hospitali, sisi wa usafi. Siku ulizodhani niko zamu, nilikuwa darasani, na huko nikajifunza kujisomea Kiingereza. Sikuulizi kuhusu shule yako. Nakuuliza kuhusu hilo neno." Alitoa mfukoni bahasha ndogo iliyoanza kuwa njano kwenye kingo. "Unaikumbuka hii? Pacha walikuwa darasa la pili."

Fundi aliikumbuka. Hospitali ilikuwa imetafuta watu wa kufundishwa miezi sita kazi ya kusafisha vifaa vya upasuaji, mikasi ile na visu, na Mama Pacha aliomba. Jibu lilikuja kwa posta. Alivuta kiti, akakohoa, akaona mistari minne tu. Akasema, "Wamekataa, lakini kwa heshima." Mama Pacha alimshukuru kwa kumsomea, akaikunja, akaenda kuosha vyombo.

"Mstari wa pili," Mama Pacha alisema, na akausema bila kufungua bahasha, taratibu, kila neno mahali pake. "We are pleased to notify you that you qualify."

Walitakiwa wafike ndani ya siku kumi na nne. Nafasi akapewa mwingine. Na tangu hapo, miaka kumi na moja, Mama Pacha amepiga deki korido iliyo mbele ya chumba kilekile, ndoo yake ikigonga mlango ambao wenzake wanaingilia na makoti meupe.

Fundi alishuka mezani bila kuamua kushuka. Mbele ya macho yake yalikuwa yamebaki maneno machache ambayo hayajafunikwa, na matatu kati yake yalikuwa yamemsumbua sana wakati wa kuyapaka. Horrify, kushtusha. Stupefy, kuduwaza. Petrify, kumfanya mtu agande kama jiwe. Aliwahi kumlalamikia Madam Fai kwamba ni jambo moja limeandikwa mara tatu, anapoteza rangi. Mwalimu alimjibu kwamba si moja, ni ndugu tu. Sasa aliona wanavyopishana. Kwanza moyo uliruka. Kisha kichwa kikawa kitupu, akasikia selotepu ikidondoka na kubingirika bila kuelewa ni kitu gani kinabingirika. Halafu miguu ikawa si yake.

"Hapo kwenye kona vipi?" msimamizi aliuliza. "Zimebaki dakika tisa."

"Bado kidogo," Mama Pacha alijibu. Akaokota selotepu, akapanda mezani mwenyewe, akafunika qualify na wenzake wote kwa ukurasa wa michezo, akakwaruza kwa ukucha mpaka gazeti likashika.

Saa mbili kengele ikapigwa. Namba zilifuatana, kwa hiyo Fundi alikaa nyuma ya shingo ileile kwa saa mbili na nusu, na kanuni ikamkataza kusema neno. Sijui kama kuna adhabu mahakamani kubwa kuliko hiyo. Dakika ishirini za kwanza hakuandika kitu. Alikuwa anapiga hesabu ya korido: siku ngapi, ndoo ngapi, mara ngapi alirudi nyumbani akamkuta mkewe amekanda kiuno kwa maji moto, akamwambia pole, na akaona amefanya wajibu wake. Mama Pacha alikuwa anaandika. Kiwiko chake hakikupumzika. Kati ya vitenzi vyote arobaini mtihani uliuliza kimoja, simplify, na Fundi akakijibu, kwa haraka kiasi kwamba yeye, fundi wa herufi, aliandika kama kuku.

Nje, chini ya jua, Mama Pacha alikuwa anamsubiri kando ya uzio. Fundi hakutegemea kusubiriwa.

"Mwaka mzima," Fundi alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni nilitaka nikuue. Halafu nikaona nitakosa mtihani." Hakucheka. "Wametangaza tena nafasi. Siku hizi wanataka cheti, na mwisho ni miaka arobaini na nane. Mimi nina hiyo arobaini na nane. Nikifeli mwaka huu, basi."

Fundi alitaka kusema hutafeli. Akajizuia. Maneno ya kumpa moyo alishampa mengi, na yote aliyatunga mwenyewe.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mimi sikutumi. Ulimdanganya nani kwanza?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu yupo hai."

"Leo?"

"Unasubiri matokeo?"

Akatoa simu. Kidole kilikosea namba mara mbili. Karani wa mahakama alipokea kwenye mlio wa pili, kama kawaida yake.

"Shemeji, mbona saa hizi? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Shemeji, ile siku ya posa uliniuliza elimu yangu."

"Ndiyo."

"Nilikwambia nimemaliza. Sikumaliza. Na kuna barua ya kazi ya dada yako niliisoma kwa kukisia. Walimkubali, mimi nikamwambia wamemkataa. Miaka kumi na moja sasa."

Upande wa pili kulikuwa na feni inazunguka, na mtu anapiga muhuri mahali, kisha muhuri ukakoma.

"Subiri," shemeji alisema. "Ngoja nikae." Kiti kikaburutwa. "Hiyo ya barua irudie. Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Mama Pacha alisogea karibu, bega kwa bega, akanyoosha kidole, akabonyeza spika.

"Rudia," alisema.