Bomba la Maji Lisilotaka Tone

Mwandishi wa makala haya ana sifa moja: huingia kwenye kazi za watu na kutoka bila kuharibu kitu.

Saa nne asubuhi, fundi wa mabomba Solvejg Kragelund amepiga magoti mtaroni, nje ya nyumba ya wazee mjini Skive. Juu yake limetandazwa turubai la kuzuia theluji. Mabomba mawili ya kupeleka joto majumbani yameshachomelewa ncha kwa ncha. Limebaki ungio la kuzibwa.

“Likate bomba, utaona matabaka kama ya keki,” anasema. “Katikati chuma, ndimo yanamopita maji ya moto. Halafu povu gumu. Nje plastiki. Linatoka kiwandani limeshavaa koti.”

Na la zamani?

“Lile liliipasha moto barabara! Theluji haikai, paka wa mtaa mzima wamejilaza. Karibu theluthi ya joto iliishia njiani. Wazee wanalipa, paka wanafaidi.”

Solvejg, mwenye miaka hamsini na miwili, aliingia kazi hii baada ya kiwanda cha samaki kufungwa. “Nilinuka samaki, sasa nanuka plastiki. Mume wangu anasema nimepanda cheo.”

Leo ana haraka. Joto la wazee limezimwa tangu alfajiri, naye ameahidi kulirudisha kabla ya chakula cha jioni.

Ndani ya povu mna nyaya mbili nyembamba. Unyevu ukipenya, hata baada ya miaka mingi, kipimo huonyesha ulipo. Hakuna kufukua barabara nzima kwa kubahatisha.

Anaziunganisha, anavuta gamba la plastiki juu ya ungio, anapima. Mshale wa kipimo unaanguka.

“Humu mna maji.”

“Jasho lako hilo, mama,” anatania mwenzake, Palle, akiwa juu.

“Jasho langu nalijua. Lete moto, tukaushe!”

Gamba linavuliwa, kazi inaanza upya. Mwandishi, kamera shingoni, anadokeza, kwa busara, kwamba huenda turubai limevuja.

“Mwakani nataka kufundisha vijana,” anasema Solvejg akikausha nyaya. “Magoti yangu yamebakiza mitaro michache. Somo la kwanza: ungio likiwa wazi, usimwamini mtu.”

Dirisha la wazee linafunguka. Bibi Thyra anachungulia, blanketi hadi kidevuni.

“Turubai halina kosa! Ni huyo kijana wa kamera! Nimemwona akikung'uta kofia yake humo shimoni, theluji yote puu!”

Palle anaangua kicheko. Solvejg hacheki. Anamnyooshea mwandishi kitambaa.

“Bibi Thyra, funga dirisha, joto linakuja. Na wewe, shuka ukaushe.”