Paka wa mke wangu na mswaki wake: nilivuka kivuko kumrudisha kwa mtalaka

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi mdau mmoja kauliza kama ni sawa kumpiga paka mswaki nyumbani, watu wakamcheka mpaka akafuta uzi. Mimi sikucheka. Paka mwenye meno masafi nusura anivunjie ndoa. Hii si chai, yalinikuta mwenyewe, asiyeamini apite kimya kimya.

Ilikuwa Malindi, miaka ya themanini. Nilikuwa seremala wa vitanda, na ndiyo kwanza nimemwoa Mwanaidi. Alikuwa ameolewa mara moja, akaachika, akamaliza eda yake, akaja kwangu na nguo zake na paka dume wa kijivu.

Jina la paka, Sultani. Nafikiri mnaanza kuona ninakoelekea.

Kila siku baada ya alasiri, Mwanaidi anakaa barazani na Sultani mapajani. Anatoa kijiti chembamba cha mswaki, ule wa mti tunaoutumia sote huku Pwani. Anaitafuna ncha yeye mwenyewe, taratibu, mpaka nyuzi zinalainika kama pamba. Anachovya kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha anamwinua mdomo kwa kidole na kumsugua jino moja moja, huku akimbembeleza, "Fungua, roho yangu. Fungua nione."

Mswaki wangu niliutafuna mwenyewe.

Naomba mnielewe, mimi si mtu wa kugombana na wanyama. Lakini kuna namna mwanamke anavyoshika taya la kiumbe, ukajua wewe hajakushika hivyo hata siku za fungate. Nilikuwa nakaa pale na kikombe changu nimevimba, najifanya nasikiliza redio.

Nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema aliwahi kufua nguo kwa mama mmoja wa Kizungu, na paka wa mama yule walisuguliwa meno, wakazeeka wanakula samaki vizuri tu.

Ningeridhika na jibu hilo kama si jirani yetu Bi Rehema. Siku moja aliniita pembeni akaniambia, "Paka yule katoka naye kwa mume wa kwanza. Ukimwona anamsugua, jua anamkumbuka nani."

Wakuu, tangu siku hiyo nikimtazama Sultani namwona mwanamume mwenzangu. Tena mwanamume aliyenitangulia.

Kwanza nilijaribu kumpokonya Mwanaidi ile kazi. Nikamwambia leo namsugua mimi, nikachukua brashi na dawa ya meno ya dukani. (Wenye paka, msijaribu. Hawa hawajui kutema na dawa zetu haziwafai.) Sultani akatoka povu, akaning'ata kidole gumba, akapanda juu ya kabati. Mwanaidi alimshusha, akamfuta kinywa, akamkumbatia. Kidole changu kinachuruzika damu na wala hakukiuliza.

Hapo nikakata shauri mwenye paka arudishiwe paka wake.

Mtalaka wake, Athumani, alikuwa fundi cherehani Mnarani. Asubuhi Mwanaidi kaenda sokoni, nikamtia Sultani kikapuni, nikafunga juu kwa kanga kuukuu, nikapanda basi la Kilifi. Wakati huo daraja hakuna, nikavuka kwa kivuko. Paka analia njia nzima na watu wananitazama mimi badala ya kikapu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali. Athumani alipoona kikapu akaacha kushona.

"Sultani huyo?"

"Ndiye. Nimekuletea mali yako."

"Si yangu, ndugu yangu. Mimi nilimuoa Mwanaidi nikamkuta naye."

Akafungua kikapu, akamwinua paka mdomo, akamtazama meno. Uso ukamwiva. Nilimfahamu vizuri mtu mwenye uso ule.

"Kumbe bado anamsugua," akasema. "Mimi alikuwa akinipa kijiti kikavu."

Nikavuta kiti nikakaa. Akanieleza kwamba yeye naye aliambiwa paka katoka kwa mchumba wa mwanzo, kijana wa Mtwapa. Akambeba mpaka Mtwapa, akamkabidhi yule kijana, akarudi nyumbani anajiona mwanamume kweli. Mwanaidi hakufoka. Alifunga furushi, akaenda Mtwapa kumchukua paka wake, akapitiliza kwao. Kilichofuata ni wazee kuja kudai talaka.

"Na kijana wa Mtwapa alisemaje?" nikauliza.

"Alisema paka yule hajapata kumtia machoni."

Kisha Athumani akafunga kikapu mwenyewe, akanipa. "Rudi naye, bwana. Mimi nilirudi mikono mitupu."

Sikumbuki nilivyoagana naye. Nakumbuka nilikimbia kuwahi kivuko na kikapu kifuani, namwomba Sultani msamaha kwa sauti, mbele za watu.

Nilifika nyumbani alasiri imeshapita. Mwanaidi yuko barazani amevaa buibui, na kando yake furushi limefungwa. Hakuniuliza nilikotoka.

"Athumani hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Akamtoa paka, akampapasa mbavu na miguu yote, akamtazama kinywa. Mimi nimesimama tu na kikapu kitupu.

"Umerudi naye," akasema.

"Nimerudi naye."

Kisha akavua buibui, akaniambia, "Basi kaa hapa umshike kichwa. Usimkaze."

Nikakaa, nikamshika. Ndiyo ikawa kazi yangu kila siku mpaka Sultani alipokufa kwa uzee, na nakiri hata siku za mwisho nilikuwa namshika huku roho inanichoma.

Funzo nililopata ni hili. Mkeo akiwa na kitu anachokipenda, usikitafutie mwanamume nyuma yake. Huenda hakuna mwanamume yeyote. Huenda amekipenda tu, na hilo ndilo gumu kulimeza.

Mwanaidi nipo naye hadi leo. Sijawahi kumuuliza alimtoa wapi yule paka. Naogopa ataniambia alimwokota tu njiani, maana hapo nitakosa hata mtu wa kumwonea wivu.

Chekeni mkimaliza, halafu mniambie ukweli: nyinyi huko majumbani mnamwonea wivu nani?