Marehemu wa Kilungu

Watu wa kijijini walimwita Marehemu, naye aliitika. Mulei wa Kiema alikuwa mzima wa afya, mrefu, mwenye sauti ya besi iliyotikisa mabenchi ya kanisa, lakini kwa upande wa serikali alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1971, katika wadi ya wanaume ya hospitali moja ya mjini. Wala serikali haikumwonea. Ilikuwa na alama ya dole gumba la Nthenya, mkewe, aliyekubali kwamba amefiwa na mume na amepokea mwili.

Mambo yalianza na kadi. Siku hizo Mulei alikuwa mtu wa barabara. Alichimba mitaro na kuziba mashimo kwenye barabara ya Mombasa, na kwa kuwa alikuwa ameajiriwa kabisa, si kibarua, alikuwa na kadi ya bima ya hospitali. Kule vilimani Kilungu kadi ya namna hiyo haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilizunguka kama sufuria kubwa ya harusi. Ndugu akiumwa aliiazima, akalazwa kwa jina la mwenye kadi, akapona, akairudisha na jogoo wa shukrani. Hakuna aliyeona dhambi. Hata mzee mmoja wa kanisa, mkali wa kukemea wengine, alipasuliwa kidole tumbo kwa jina la shemeji yake. Mpango ulikuwa na kasoro moja tu, ambayo hakuna aliyeifikiria: mgonjwa anaweza kukataa kupona.

Aliyekataa kupona alikuwa Tom. Kwenye kambi ya barabara alikuwa karani wa stoo, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache, na kila mtu alijua ni Mnyasa, mtu wa Malawi, kwa sababu mwenyewe alisema hivyo. Alipoanza kudhoofika Mulei alimchukua akae kwake. Na ni Mulei peke yake aliyeambiwa ukweli, jioni moja wakipukuchua mahindi. Tom hakuwa Tom. Alikuwa Thabiso Mokgadi wa Afrika Kusini, kiongozi wa wachimba migodi aliyewakimbia Makaburu, na wenzake wawili walikuwa wameuawa ugenini na watu waliowajia wakicheka.

"Usitaje jina langu mpaka kwetu kufunguke," alisema. "Ukisikia sisi ndio tunatawala kule, basi, sema."

Mulei aliapa. Alidhani ni mambo ya mwaka mmoja au miwili.

Tumbo la Tom lilipovimba alikataa hospitali katakata, maana hospitali huuliza jina. Mulei akamwekea kadi mkononi. "Enda na langu," akamwambia. "Langu halitafutwi na mtu."

Wiki haikuisha, Tom akafa. Na mwili wa Mulei wa Kiema utachukuliwa na nani kama si mke wa Mulei wa Kiema? Nthenya alienda, akalia mbele ya karani, na machozi yalikuwa ya kweli kwa sababu aliogopa kufa. Akaweka dole pale alipoonyeshwa. Mwenyewe Mulei alikuwa nje, kati ya wanaume waliongoja kubeba jeneza. Walimzika Tom kwenye tuta la chini la shamba, karibu na michungwa, mchungaji akaomba, na matanga yalipokwisha vijana wa rika la Mulei wakaanza kucheka. Hapo ndipo jina la Marehemu lilipozaliwa.

Kicheko hakikudumu. Ofisi ya barabara ilimwondoa kazini, kama inavyopasa kumwondoa maiti, ikamtumia Nthenya barua ya rambirambi. Mulei aliisoma mwenyewe, akakuta wamemsifu sana. Angeweza kwenda kusema yuko hai, lakini wangeuliza: basi ni nani yuko chini ya udongo, na dole hili ni la nani? Akanyamaza. Vitambulisho vipya vilipokuja, wenzake walipanga foleni kwa chifu, yeye akaenda kuchunga mbuzi. Ardhi ilipopimwa, shamba liliandikwa Nthenya, mjane. Siku za kura alimsindikiza mkewe hadi langoni, akasimama nje na watoto. Hakwenda mbali zaidi ya Kasikeu, na hata huko alipita njia za miguu, kwa hofu ya askari wa kuuliza vitambulisho. Yako mengi ya kumshauri mtu kama huyo, na ni rahisi sana kuyasema ukiwa na kitambulisho mfukoni.

Mwaka wa 1994 redio ikatangaza kwamba Afrika Kusini wamepiga kura wote, weusi kwa weupe. Mulei alisimama, akatoka nje, akarudi, akaketi, akasimama tena. Nthenya alimuuliza kama ameumwa na siafu. Kiapo kilikuwa kimekwisha na kinywa kilikuwa huru, lakini lile dole lilikuwa bado kwenye karatasi za serikali, na halikuwa lake. Tangu siku hiyo hakutulia. Aling'oa magugu mahali pasipo na magugu. Alianza kuimba kanisani akasahau ubeti. Kila mara alijikuta kwenye tuta la chini, amesimama kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Mwaka uliofuata D.O., mkuu wa tarafa, aliitisha baraza. Alikuja na mgeni, mwanamke wa makamo aliyefunga kilemba cheusi, akamtambulisha kuwa Palesa, binti wa Thabiso Mokgadi. Rekodi za serikali, alisema D.O., zinaonyesha mtu huyu aliingia Kenya. Haziko za kutoka kwake wala za kufa kwake. Habari za mwisho ni kwamba alionekana kwenye kambi ya barabara upande huu.

Palesa akazungumza Kiingereza, D.O. akatafsiri. Mama yake ni mzee na hajawahi kukaa matanga, kwa kuwa hakuna kifo. Na nyumbani wanasema baba yake alinunuliwa na Makaburu, akawauza wale wenzake wawili, na mpaka leo yuko Ulaya anakula pesa kwa jina jingine. Watoto wake wametemewa mate kwa ajili hiyo.

"Sitafuti baba aliye hai," alisema. "Natafuta karatasi inayosema alikufa."

Picha ikapitishwa. Ilikuwa ya kijana wa tai na miwani, asiye na hata unywele mmoja kidevuni, na watu wakatikisa vichwa. Ilipomfikia Mulei, aliitazama. Akampa mtu wa pili. Aibu iliyompata hapo hakuwahi kuijua, hata siku aliyobeba jeneza lake mwenyewe.

Nyumbani Nthenya alimngojea mpaka akaketi.

"Umeona hiyo picha?"

"Nimeona."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na ukanyamaza tu hivyo."

"Ni wewe uliweka dole, Mama Kavata. Wakija kufunga mtu, watafunga wewe. Mimi watanifunga aje? Mimi ni maiti."

Nthenya alimgeukia. "Wewe mwanaume," akasema, "mimi nimekuwa mjane miaka hii yote, na bwana ndiye huyu nampikia. Hata wakinifunga, wacha wanifunge nikiwa na bwana. Huyo msichana ametoka mbali. Kesho tunaenda."

Asubuhi akajifunga leso, akatangulia mbele mpaka ofisini kwa D.O., walipomkuta na Palesa.

"Kitambulisho?" D.O. aliuliza.

"Sina, bwana D.O. Huyo mtu mnatafuta, alikufa na jina langu."

D.O. alidhani mzee ameamkia pombe. Lakini Nthenya alisimama, akanyoosha dole gumba hewani, na wakaeleza yote, huyu akimkatiza huyu. Palesa aliposikia tafsiri hakufurahi. Alikuwa ameshadanganywa na wengi. Akauliza atajuaje.

Mulei aliinua mkono wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho na cha pembeni yake, vikafichika kabisa, kama vilivyokuwa vimekatwa vile vya Tom na mashine ya mgodini. Palesa akashika meza.

Yaliyobaki yalikuwa ya serikali, na serikali haina haraka. Kaburi lilifukuliwa, mkono ukaonekana, vidole viwili havipo. Hakimu alimkemea Nthenya hadi jasho likamtoka, kisha akamwambia aende nyumbani na mume wake. Rekodi ilikuwapo wakati wote, kumbe. Walichofanya ni kukata jina la Mulei kwa mstari na kuandika jingine juu yake.

Siku cheti kilipotoka, Palesa hakungoja. Alikimbilia posta kwenye kibanda cha simu, Mulei na Nthenya wakimfuata nyuma. Foleni ilikuwa ndefu, wakampisha kwa kuona uso wake. Simu ilipopokelewa, alipiga kelele kwa lugha yao, na Mulei hakuelewa ila lile jina, Thabiso, Thabiso. Palesa alikuwa akicheka na machozi yakimchuruzika, akikipunga kile cheti kana kwamba mama yake angeweza kukiona. Ndani ya simu mwanamke mzee alianza kulia, kilio kirefu cha matanga, kilio kilichongojwa, na foleni nzima ikageuka.

Mzee mmoja alivua kofia, akamsogelea Mulei. "Poleni," akamwambia. "Ni nani amekufa?"

Mulei alimwangalia Palesa pale kibandani. Kisha akamgeukia mzee.

"Si mimi," akasema, na akaanza kulia mbele za watu.